Uliza Ukoo wa Dume



Kijana wetu akitaka kuoa, iwe Kishapu, Kahama au Geita, wazee huuliza kwanza: binti ni wa ukoo gani? Lakini dume wa zizini humpanda binti yake mwenyewe, nasi tumenyamaza. Hapo ndipo tunapopoteza ndama.

Kila ndama hurithi vinasaba, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kinasaba ni agizo lililo ndani ya chembe za mwili. Huuelekeza mwili utengeneze protini fulani, na protini ndizo zinazofanya kazi: hujenga misuli, husaidia kutia ngozi rangi, hupambana na vijidudu. Agizo likiharibika, protini nayo huharibika.

Huko Marekani mwaka 1952 alizaliwa dume wa Holstein aitwaye Osborndale Ivanhoe. Alisifiwa sana, na mbegu zake zilisambazwa kwa uhamilishaji. Yeye alikuwa mzima, ila alibeba kinasaba kimoja kibovu. Kinasaba hicho hutengeneza protini inayoziwezesha chembe nyeupe za damu kutoka kwenye mshipa na kwenda kupigana na vijidudu. Ndama aliyekipata upande mmoja hakuumwa, kwa kuwa agizo zima la upande wa pili lilitosha. Aliyekipata pande zote mbili aliandamwa na maradhi, akafa mchanga.

Ng'ombe wetu wa asili nao hubeba kasoro zao zilizojificha. Baba akimpanda binti, au kaka akimpanda dada, kasoro zilezile hukutana. Ndama huzaliwa dhaifu, mitamba huchelewa kushika mimba. Malisho na magonjwa huweza kuleta hayo pia, lakini chunguza na ukoo.

Basi tufanye hivi:

- Mwondoe dume kabla mitamba wake hawajaanza kupata joto.
- Badilishana na mfugaji wa kijiji cha mbali. Kwanza afisa mifugo ampime dume ugonjwa wa kutupa mimba.
- Wahasi mapema madume usiowataka kwa mbegu.
- Ukitaka uhamilishaji, mwulize afisa mifugo kuhusu mbegu za kituo cha taifa cha Usa River, Arusha.

Na mama anayekamua aulizwe. Yeye ndiye anayejua kila ndama ni wa ng'ombe yupi.