Mkeka Tulioshona Katika Ugonjwa

Jioni hii tumeombwa tuzungumze nanyi habari za kazi ya mikono, na yamkini wengi wenu mwadhani kwamba mwalimu amekuja kuwahimiza vijana wachonge miiko na kusuka vikapu ili wapate fedha kidogo sokoni. Maneno hayo ni mema, na wengine wamekwisha kuyasema vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Leo twataka kusema jambo jingine, nalo ni jinsi kazi ya mikono, pamoja na kuvitazama kwa makini viumbe vilivyo mlangoni petu, ilivyotuinua sisi wenyewe tulipokuwa chini.

Kwanza yatupasa kuungama kosa letu. Sisi ni watu wa kitabu. Katika skuli tuliyosomea, mtoto aliyechelewa kengele ya asubuhi alipewa usumba asokote kamba mpaka adhuhuri, na aliyeshindwa hesabu alipelekwa kushona makuti. Aliyefanya vizuri alibaki ndani na daftari lake. Basi tulikua tukiamini kwamba kazi ya mikono ni adhabu ya wajinga. Nasi tulipokuwa walimu wa kuwafundisha walimu, kipindi cha kazi za mikono tulikiweka mwisho wa ratiba, saa nane za mchana siku ya Ijumaa, wakati wanafunzi wanaposinzia. Na mara nyingi tulikiiba tukasomesha sarufi.

Kisha tukaugua. Maradhi yalianza kwa homa, yakageuka kichomi, tukalala hospitali majuma saba. Twawashukuru waganga na wauguzi, maana bila dawa zao tusingekuwapo kuzungumza nanyi. Lakini siku tulipoambiwa, "Umepona, nenda nyumbani," tuliona kwamba kilichopona ni kifua tu. Tulifungua kitabu, macho yakapita juu ya mstari mmoja mara nne, wala maana isiingie. Wageni walipokuja kutujulia hali tulijifanya tumelala. Chakula kilikuwa kama majivu kinywani. Usiku tulihesabu boriti za dari, na kulipokucha tulisikitika kwamba kumekucha. Ni mazito mambo haya kwa mwalimu kuyasema mbele ya watu; walakini twajua kwamba miongoni mwenu wamo wanaoyafahamu sana, na kila mmoja hudhani kwamba yu peke yake.

Tukapelekwa kwa shangazi yetu, mjane, akaaye karibu na mto Pangani, mahali ambapo mikindu imesimama makundi makundi ukingoni. Tulimwamkia, "Shikamoo, shangazi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akatutazama tangu utosini hata nyayoni, wala hakuuliza habari za ugonjwa. Siku tatu alituacha barazani tukiutazama ua. Siku ya nne akaja na fungu la chane, akaliweka mapajani mwetu, akasema, "Mikono yako haina homa. Nishikie hizi, nipange nyeupe mbali na nyeusi mbali."

Kwa ajili ya wasikilizaji wa bara ambao hawajaiona kazi hii, hatuna budi kuieleza. Mkindu ni ndugu yake mtende. Hupenda kandokando ya mito na mabondeni penye maji, na kwa kawaida huota mashina mengi mahali pamoja. Majani yafaayo ni yale machanga ya kileleni, ambayo bado hayajakunjuka. Msukaji mwenye busara hachukui yote, kwa kuwa kila shina lina moyo mmoja tu. Moyo huo ukiharibiwa shina lile lafa, ingawa mengine yaliyo kando yake huendelea kuishi. Majani huanikwa juani mpaka yakawa meupe, kisha huchanwa kwa ukucha au kwa ncha ya kisu, yakawa chane nyembamba zenye upana mmoja. Zile zitakazotiwa rangi huchemshwa. Zamani rangi nyeusi ilitoka katika mdaa, na rangi ya kimanjano katika manjano yenyewe ya jikoni. Siku hizi wengi hununua rangi ya unga dukani, nazo hung'aa kupita kiasi kwa maoni yetu, lakini shangazi yetu azipenda. Chane husukwa zikawa ukanda mrefu, ndio ukili. Na ukili hushonwa ukingo kwa ukingo hata ukawa mkeka. Kazi ya namna hiyo hiyo ndiyo iliyowapa mabaharia wa kale matanga ya mitepe, vile vyombo ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Mitepe haipo tena baharini, lakini ukili ungaliko.

Basi tulipanga chane. Kesho yake shangazi akatufundisha kuzisuka: juu ya mbili, chini ya mbili, vuta, geuza, tia chane mpya kabla ya kuukuu haijakwisha. Maneno hayo mtoto wa miaka saba angeyashika. Ukili wetu wa kwanza ulipindika kama nyoka aliyepigwa fimbo. Upande mmoja ulikuwa mpana, upande mwingine umebanwa hata kukatika. Shangazi aliufumua wote bila kusema neno, akaturudishia chane. Ukili wa pili akaufumua pia. Ni miaka mingi tangu mtu atufumulie kazi yetu namna ile, sisi tuliozoea kutia alama nyekundu katika kazi za wengine.

Tena msisahau kwamba kwetu pwani kusuka ukili ni kazi ya wanawake. Mwanamume mmoja aliyepita na jembe lake alisimama akacheka, akauliza, "Mwalimu, utaolewa lini?" Tuliona haya, tukataka kuingia ndani. Shangazi hakuinua hata kichwa. "Wewe nawe," alimwambia, "jana usiku ulilalia nini?" Yule bwana akaenda zake, na tangu siku ile kila apitapo husalimu kwa adabu.

Siku ya sita au ya saba likatokea jambo tusilolitazamia. Tuliinua macho tukaona kivuli cha mwembe kimehama kutoka mlangoni hata kisimani, na muda ule wote hatukuwa tumejifikiria hata mara moja. Hatukuwa tumelala, wala hatukuwa tumesahau tulipo. Tulikuwa pale pale na chane mikononi, tukizihesabu. Tumelitafakari sana jambo hili baadaye. Kazi ngumu mno ingetushinda, tungeiacha. Kazi nyepesi mno ingetuachia nafasi ya kuendelea kujisumbua. Lakini ukili hutaka macho na vidole na fikira kidogo, yaani hutaka kiasi kile kile ambacho mtu aliyechoka anacho.

Na macho yakiisha kuzoea kutazama kitu kimoja kidogo, huanza kuona na vingine. Ndipo tulipowaona minana. Ndege hawa wadogo wa manjano walikuwa wamejaa katika mkindu uliouinamia mto, nao walikuwapo hapo tangu siku ya kwanza, wakipiga kelele kama wanafunzi wasio na mwalimu. Ila sisi hatukuwa tumewaona. Mnana dume hurarua ukanda mwembamba wa jani, hurudi nao mdomoni, huuzungusha kitawini na kuupitisha chini ya mwenzake. Kazi yake ya kwanza ni kufanya pete. Akiisha kuifanya husimama ndani ya pete hiyo, akasuka mbele yake mpaka afikapo mdomo wake. Na kwa hiyo chumba huwa na ukubwa unaomfaa, ingawa hana futi wala kamba ya kupimia. Nyumba ikiwa tayari hujining'iniza mlangoni akapigapiga mabawa kumwita jike. Jike huja akaingia, akavutavuta huku na huku ndani. Asiporidhika huenda zake. Tulimwona dume mmoja, baada ya kukataliwa mara kadha wa kadha, akaifumua nyumba yake mwenyewe, ukanda kwa ukanda, akaanza tena pale pale. Tulicheka kwa sauti. Shangazi akageuka upesi kututazama, kwa maana tangu tufike hakuwa amesikia kicheko chetu.

"Yule naye afumuliwa," akasema.

Tulipopata nguvu za kusoma, jambo la kwanza tulilolitafuta lilikuwa habari za minana. Wataalamu wawili wa Marekani, Nicholas Collias na mkewe Elsie, waliwachunguza ndege wa jamii hii kwa miaka mingi. Katika maandishi waliyoyatoa mwaka 1964 walionyesha kwamba dume mchanga hazaliwi fundi. Hurarua vibaya, husuka vibaya, na viota vyake vya kwanza ni vya hovyo. Na wale walionyimwa majani ya kuchezea utotoni walikuwa nyuma sana ya wenzao walipokua. Sisi tunaofundisha walimu tulisoma habari hizo mara mbili, tukakumbuka kipindi chetu cha saa nane za Ijumaa.

Tulisoma pia kwamba wengine wamepita njia hii kabla yetu. Mwaka 1938 mchoraji Mwingereza aitwaye Adrian Hill alilazwa Midhurst, katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kwa kuwa hakuweza kutoka, alianza kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake. Aliona faida yake, akawafundisha wagonjwa wenzake, na mwaka 1945 akatoa kitabu juu ya sanaa na ugonjwa. Na mwaka 1984 mtaalamu wa Kimarekani, Roger Ulrich, alitangaza habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa na kutolewa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania kati ya mwaka 1972 na 1981. Nusu yao madirisha yao yalitazama miti, na nusu yalitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kidogo, wakahitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Tofauti ya siku haikuwa kubwa, haikufika hata siku nzima kwa wastani. Lakini mtu aliyepata kulala hospitali ajua urefu wa nusu siku.

Wala tusidanganyane. Mkeka hauponyi kichomi, na mnana hauondoi kifua kikuu. Aliye na maradhi ya mwili aende kwa mganga, anywe dawa zake mpaka ziishe. Na yule ambaye moyo wake umelemewa hata hataki tena kuishi, asikae kimya, amwambie mtu leo hii, na apelekwe kwa wanaojua kutibu. Sisi twasema juu ya ile siku ya baada ya dawa, mtu anapoambiwa amepona naye ajiona hajapona, na hapana mtu amwambiaye afanye nini na mikono yake.

Tuliporudi chuoni tulikihamisha kipindi cha kazi za mikono, tukakiweka saa mbili za asubuhi siku ya Jumanne. Wenzetu walinung'unika, na mmoja alisema kwamba homa imetuharibu akili. Mwaka ule tulikuwa na mwanafunzi aliyefiwa na mama yake katikati ya muhula. Alirudi kutoka mazikoni akakaa darasani majuma mawili na kalamu mkononi pasipo kuandika neno. Zamani tungalimwita ofisini tukampa maneno mengi. Safari hii tulimpa kisu na kipande cha mwembe, tukamwambia twahitaji mwiko jikoni. Mwiko wa kwanza ulipasuka. Wa pili ulikuwa umepinda, lakini mpishi aliupokea akautumia siku hiyo hiyo, na kijana akasimama mlangoni mwa jiko akiutazama ukizunguka sufuriani. Hatusemi kwamba huzuni yake iliisha, kwa maana mama hasahauliki kwa ajili ya mwiko. Twasema tu kwamba siku ya pili yake aliandika kurasa mbili, na katika kurasa hizo mlikuwa na habari za jiko la mama yake.

Ama mkeka wetu, tuliumaliza siku mbili kabla ya kuondoka kwa shangazi. Ulikula ukili wa pima 14, nao tumeutandika chumbani hata leo, chini ya dirisha. Ukiutazama kwa makini, karibu na ukingo utaona mahali ambapo chane nyeusi zimeruka, na mstari umekatika kama mita moja kabla ya kushikana tena. Sisi tuliliona kosa hilo tulipokuwa tumekwisha kushona, tukachukua kisu ili tuufumue. Shangazi akautia mkono wake juu ya mkono wetu.

"Acha," akasema. "Hapo ndipo ulipokuwa ukimtazama mnana."