Mwenye Nyumba, Mpangaji, na Mbwa wa Uani

Leo twapenda kunena juu ya jambo ambalo wengi hulidhani dogo, walakini huvunja ujirani katika nyumba za kupanga huku kwetu Bondeni: nalo ni mbwa na paka wa wapangaji.

Katika mji wa Kyela, na hata Ipinda, nyumba za kupanga aghalabu zina vyumba vingi na ua mmoja. Mwalimu, mchuuzi wa kakao na mnunuzi wa mpunga hukaa mlango kwa mlango, na watoto wao hucheza pamoja. Mwenye magunia ya mpunga chumbani hufuga paka, maana panya hawana huruma. Mwenye kuogopa wezi hufuga mbwa. Basi mbwa akibweka usiku kucha, au akichimbua bustani ya jirani, mwenye nyumba hupandwa na hasira, akasema, "Mtoe mbwa huyu leo, ama utoke naye."

Neno hili laonekana kumaliza ugomvi. Kwa kweli laanzisha hatari. Mpangaji hapati chumba kingine kwa siku moja, hasa wakati wa masika, mito inapofurika. Kwa hiyo huenda akamtupa mbwa sokoni. Mbwa huyo hana tena wa kumlisha, wala wa kumpeleka kuchanjwa. Aking'atwa na mbwa mwenye kichaa, aweza kurudi katika ua ule ule aliouzoea, na watakaomkimbilia kumchezea ni watoto wa nyumba ile.

Kichaa cha mbwa, dalili zake zikiisha kuonekana kwa mtu, ni nadra mno apone. Lakini huzuilika. Mwaka 1885, huko Paris, Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyekuwa ameng'atwa na mbwa, na mtoto yule akaishi. Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mbwa aliyefukuzwa hutoka katika hesabu ya wale 70. Na mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje dalili.

Je, mwenye nyumba afanyeje? Hatusemi akubali kila mnyama. Nyumba ni mali yake, na jirani naye ana haki ya usingizi na usafi. Twasema apatane na mpangaji kabla ya kumpa ufunguo. Sheria ya zamani iliyozuia kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mapatano ya watu wawili hawa yana uzito mkubwa zaidi. Basi yaandikwe: ni wanyama wangapi, watalala wapi, nani atafagia uchafu, na nani atalipa mlango ukikwaruzwa. Juu ya yote, mpangaji aonyeshe cheti cha chanjo kila mwaka, cha mbwa na cha paka pia.

Kukitokea malalamiko, mpangaji apewe onyo, kisha muda wa kutosha, tuseme siku 30, amtafutie mnyama mlezi mwingine. Wakishindwa kuelewana, Baraza la Kata lipo kwa usuluhishi. Naye mpangaji akumbuke kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yamtaka mwenye mnyama amtunze. Asiyeweza kumlisha na kumchanja, asifuge.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Karatasi moja ya mapatano na sindano moja kwa mwaka ni gharama ndogo; kumzika mtoto ni gharama isiyolipika. Kaeni kwa amani na majirani zenu.