Kuyalinda Magari dhidi ya Mashimo ya Barabarani

Wasikilizaji watukufu wa Busale na wilaya nzima ya Kyela, kwa kuwa mwambao huu wa kaskazini wa Ziwa Nyasa hupata mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za nchi yetu, na kwa kuwa maji yapenyayo katika nyufa hulainisha udongo wa chini hata uso wa barabara ukabomoka kwa uzito wa magari yabebayo mpunga na kakao, ni wajibu wa kila dereva kujihadhari kabla ya kupata hasara.

Asubuhi, matairi yakiwa baridi, pima upepo kwa kadiri aliyoagiza mtengenezaji, maana tairi lenye upepo haba huiacha ringi igonge ukingo wa shimo. Dimbwi usilidharau, kwani kina chake hakionekani. Punguza mwendo mapema. Lakini gurudumu likiwa halina budi kuingia shimoni, achia breki, kwa sababu breki huzikandamiza springi za mbele na kuzidisha dharuba. Baadaye, usukani ukivuta upande mmoja au ukitetemeka, mwone fundi bila taakhira.

Barabara za wilaya zimo katika dhamana ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) tangu mwaka 2017. Basi tafadhalini, mwonapo shimo, iarifuni serikali ya kijiji mara moja, ili iifikishie TARURA habari, na shimo lizibwe lingali dogo.