Mali bila Daftari Hupotea bila Habari
Mazungumzo kwa wananchi wa Kamukuywa kuhusu fedha za msaada baada ya vita



Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka. Kuanzia mwaka 2006, mgogoro wa ardhi ya Chebyuk katika Mlima Elgon uliwafukuza maelfu ya watu makwao. Walishuka na watoto mgongoni na magodoro kichwani, wakatafuta hifadhi pande za Bungoma na Trans Nzoia. Machi 2008 wanajeshi wakaingia mlimani kwa Operesheni Okoa Maisha. Miezi hiyohiyo nchi nzima ilikuwa ikiuguza majeraha ya uchaguzi wa Desemba 2007: zaidi ya watu 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 wakahama.

Msaada ulikuja. Chakula, mahema, blanketi na dawa zilitolewa na Msalaba Mwekundu, mashirika ya Umoja wa Mataifa na nchi rafiki. Mei 2008 serikali ikaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Familia iliyohamishwa na ghasia za uchaguzi ilitengewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na iliyochomewa nyumba shilingi 25,000 za kujengea.

Hapo ndipo daftari lilipopimwa. Malalamiko yalisikika sehemu nyingi za nchi kwamba wasiohama wameandikwa, huku waliolala hemani wakiambiwa majina yao hayapo. Kila jina la uongo linalolipwa ni paa lililoondolewa juu ya mtoto wa mtu.

Tatizo hili si la Kenya peke yake. Marekani ilipomwaga mabilioni ya dola kuijenga upya Iraq, iliunda ofisi ya mkaguzi maalumu mwaka 2004; ya Afghanistan ikafuata mwaka 2008. Wakaguzi hao walikuta majengo yaliyolipiwa ambayo hayakukamilika, na mengine yaliyokamilika bila kutumika. Wakati wa dharura watu huruka taratibu kwa sababu ya haraka, na mwizi hujificha ndani ya haraka hiyo.

Leo sheria imempa mwananchi nguvu zaidi. Msaada wa kigeni ukiingia katika hesabu za serikali, huwa ni fedha za umma. Kifungu cha 229 cha Katiba ya 2010 kinamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu atoe ripoti katika miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha, na aseme kama fedha zilitumika kwa mujibu wa sheria na kwa manufaa. Bunge au Bunge la Kaunti lina miezi 3 ya kuijadili ripoti hiyo na kuchukua hatua.

Mwananchi naye hana haja ya kungoja. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, anaweza kuomba rekodi kwa Kiswahili, bila kulipia ombi. Asiyejua kuandika husaidiwa na afisa kuliandika. Jibu linatakiwa katika siku 21. Akinyimwa, ana siku 30 za kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kwa hiyo, msaada unapofika, iwe ni baada ya vita, mafuriko au njaa, yaulizwe maswali matatu barazani. Zimekuja kiasi gani? Orodha ya watakaopewa ni ipi, na je, imesomwa hadharani? Stakabadhi ziko wapi?

Kuuliza hivyo si kumvunjia chifu wala afisa heshima. Afisa mwaminifu hulindwa na daftari lililo wazi. Mfadhili yuko mbali na hawezi kuja kuhesabu mabati ya kila boma. Jirani ndiye anayejua nani alihama, nani alichomewa nyumba na nani hakutoka kwake hata siku moja. Jirani akinyamaza, ripoti ya mkaguzi itafika baada ya mvua kumnyeshea mwenye haki.