Darasa Lilipofungwa: Elimu ya Kusema "Sijui"

(Mawaidha kwa vijana baada ya futari)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, ndugu na dada zangu katika imani, nawe msomaji ambaye hukukaa nasi kwenye jamvi: leo sitazungumza juu ya yale ninayoyajua. Nitazungumza juu ya neno dogo ambalo sisi tuliosoma tunaliogopa sana. Neno lenyewe ni "sijui".

Hebu rudisha fikira hadi Machi 2020. Tarehe 13 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona hapa Kenya. Siku mbili baadaye, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufungwa kwa shule na vyuo. Tarehe 27 tukaanza kafyu, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Misikiti nayo ikafungwa. Ramadhani ya mwaka ule, iliyoanza mwishoni mwa Aprili, tuliswali tarawehe sebuleni, baba akiwa imamu na sisi wanawe ndio jamaa nzima. Mnakumbuka?

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari tu. Dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa chuoni, mwaka wa pili, akisomea uuguzi. Alirudi nyumbani Kitui na begi la nguo na koti jeupe lililopigwa pasi, ambalo hakujua atalivaa lini tena. Masomo yakahamia kwenye simu. Ndani ya nyumba mtandao haushiki, basi kila asubuhi alipanda kilima nyuma ya shamba na kuketi juu ya jiwe na daftari lake. Bando likiisha katikati ya somo, somo nalo limeisha. Mwalimu aliwaonyesha kwa picha namna ya kutafuta mshipa na kuingiza sindano. Dada akarudi akicheka, akaniambia: "Mshipa wa picha hautoroki, wala haulii."

Mwenzake wa darasa alikuwa kwao Kibwezi, kule Makueni, kando ya barabara kuu ya Mombasa ambako malori ya mizigo hayakukoma kupita. Yeye alifuatana na wahudumu wa afya wa kujitolea, akiwaeleza akina mama jinsi ya kunawa mikono pale ambapo maji yenyewe hununuliwa kwa mtungi. Usiku walitumiana maswali kwa simu. Ndivyo walivyosoma.

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Jioni moja ndani ya Ramadhani ile, tumekwisha kufuturu, mlango ukabishwa. Alikuwa mama jirani yetu, Mkristo, tuliyezoea kupelekeana chakula sikukuu zake na zetu. Mumewe alikuwa amekohoa siku mbili na sasa anavuta pumzi kwa shida. Mama yule hakutaka kusikia habari ya hospitali. Alihofu mumewe atatiwa karantini na watu watawakimbia. Akamwambia dada: "Wewe ndiye daktari wetu. Niambie tu, ni korona? Nimfukize kwa majani?"

Ndugu zangu, jiweke mahali pa msichana yule. Kijiji kizima kinakuita daktari. Wazazi wako wamesimama nyuma yako na wanaona fahari. Kichwani una kurasa nzima za maradhi ya kifua. Ni rahisi namna gani kusema, "Ndiyo, mfukize, mfungie chumbani, kesho tuone"!

Dada alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama, mimi sijui. Sijawahi kumhudumia mgonjwa kama huyu. Lakini najua kwamba mtu asiyeweza kupumua hangojei kesho." Baba akampigia simu mhudumu wa afya wa kijiji, likatafutwa gari, na mgonjwa akapelekwa hospitali usiku ule ule, kafyu ikiwa imeshaanza.

Ilikuwa pumu. Swali la kwanza aliloulizwa kule ni kama amewahi kuugua hivyo zamani. Kumbe alikuwa nayo tangu utotoni, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha wiki kadhaa. Nyumbani hakuna aliyelitaja hilo, kwa sababu mwezi ule kila kikohozi kilikuwa korona. Lau angefungiwa chumbani chenye moshi na mvuke, Allah ndiye ajuaye kama angeiona asubuhi.

Dada alilia. Aliniambia, "Hata mimi sikumuuliza. Swali limo kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza, na sikuuliza." Nadhani siku hiyo alisoma zaidi ya alivyosoma miezi yote juu ya kile kilima.

Sisi tuliopitia madrasa tunalifahamu jambo hili. Waweza kuukariri msahafu peke yako, lakini mpaka ukae mbele ya ustadhi, akusikie, akurudishe herufi kutoka ulimini hadi kooni, bado hujasoma. Uuguzi na udaktari ni vivyo hivyo. Simu hukupa maneno. Mkono hupewa na mwalimu na mgonjwa. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, ametufundisha kwamba anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, basi yeye ndiye mdhamini wa madhara yatakayotokea.

Mtazame pia Sayyidna Umar (R.A.). Alikuwa safarini kwenda Sham, akafika Sargh, akaambiwa tauni imeingia huko. Yeye ni khalifa, neno lake ni amri. Lakini aliwaita Muhajirina akawashauri, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, wao wakaona arudi, naye akaazimia kurudi. Ndipo akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.), ambaye hakuwepo wakati wa mashauri, akamwambia alichokisikia kwa Mtume (S.A.W.): mkisikia tauni iko katika nchi msiingie, na ikizuka katika nchi mliyomo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Allah, akarudi na watu wake. Kuuliza hakukumpunguzia heshima yake hata chembe.

Na sisi wa Kitui na Makueni tuna ushahidi wetu wenyewe. Mwaka 2004 watu wa kwetu walianza kuugua, macho yakawa manjano, wakafa haraka. Macho ya manjano yana sababu nyingi. Jibu lilipatikana kwa kuuliza: mmekula nini? Mahindi mliyaweka wapi? Na waliokumbuka maafa ya Machakos ya mwaka 1981 waliona mfanano. Ilikuwa sumu ya ukungu, aflatoksini, katika mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu, mara nyingi ndani ya nyumba za kulala. Watu 317 walihesabiwa kuugua na 125 wakafariki. Kuna mahindi yaliyopimwa yakakutwa na sumu mara 220 ya kiwango kilichoruhusiwa. Tena sumu hii haiishi kwa kupika.

Basi nina mambo matatu ya kukuachia.

Kwanza, wewe kijana uliyesoma kidogo, usione haya kusema sijui. Kisha usiishie hapo: inuka umsindikize mtu kwa anayejua. Dada hakusema sijui akafunga mlango.

Pili, dawa inayokujia kwa simu, uliyoambiwa uisambaze kwa watu kumi upate thawabu, jiulize: ni nani aliyeisema? Ikiwa hujui, ikome kwako. Ulimi unafunga saumu, na vidole navyo vifunge.

Tatu, tunakaribia kutoa Zakatul-Fitri, na wengi wetu hapa hutoa mahindi. Kabla hujayapima, uliza yalikauka vipi na yamekaa wapi. Yenye ukungu usimpe maskini, na wala usile wewe. Allah ametukataza kukusudia kibovu tukakitoa sadaka. Na kwa kuwa sumu hii yaweza kuwemo hata pasipoonekana ukungu, ukiwa na shaka toa mchele au unga ulioupata mahali unapopaamini.

Chuo kilifunguliwa, dada akamaliza, na leo ni muuguzi. Usiku mwingine wa Ramadhani hula daku wodini, kwa zamu. Mimi nami nasomea udaktari, na nikivaa koti langu jeupe hukumbuka ule mlango uliobishwa.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu yenye manufaa, utukinge na kiburi cha elimu, uwaponye wagonjwa wetu na uwarehemu waliotutangulia. Utukubalie saumu zetu na swala zetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.