Safari ya Chuo Huanza Kidato cha Kwanza

(Maneno ya Ofisa Habari wa Halmashauri kwa wazazi, walezi na wanafunzi wa sekondari, katika mkutano wa kata)



Nawashukuru kwa kuacha migomba na kahawa zenu mkaja kunisikiliza. Nimeombwa nizungumze juu ya maandalizi ya vyuo, nami nitaanza na herufi moja tu.

Katika majina yetu ya Kinyambo na Kihaya, r na l hubadilishana nafasi kila siku. Mtoto huandikwa Rwegasira katika cheti cha ubatizo, Lwegasira katika rejista ya shule, na Rwegasila katika cheti cha kuzaliwa. Nyumbani huyo ni mtoto mmoja. Mbele ya kompyuta, hao ni watu watatu.

Nayasema haya kwa sababu yalinipata. Nilipomaliza shule, jina la cheti changu cha mtihani halikulingana na la cheti cha kuzaliwa. Baba alipoona siku zinakwisha, aliuza kahawa ingali maua, biashara ile tunayoiita butura, ili apate nauli na gharama za kiapo. Kahawa ilikwenda, na nafasi ya chuo nayo ikapita. Niliingia stashahada ya mawasiliano ya umma mwaka mmoja baada ya wenzangu. Hapakuwa na mtu aliyenionea. Ila hapakuwa pia na mtu aliyetuambia mapema.

Kwa hiyo leo ninawaambia mapema. Yako mambo matatu, na yote huanza kabla ya matokeo.

La kwanza ni kuzijua kazi. Ukimuuliza kijana wa kidato cha pili anataka kuwa nani, atakujibu daktari, mwalimu au askari. Hizo ni kazi njema, lakini amezitaja kwa kuwa ndizo alizoziona. Hajakutana na mpima ardhi, mtaalamu wa maabara, wala mwonjaji wa kahawa, ingawa amekua katikati ya mibuni. Elimu hii haihitaji fedha nyingi. Kata yetu ina wauguzi, mabwana shamba, mafundi umeme, wahasibu wa vyama vya msingi, na wanafunzi wa vyuo vikuu wanaorudi likizo. Kila mmoja akitoa saa mbili kwa muhula, akaeleza alisoma nini na siku yake ya kazi ilivyo, mtoto atachagua akijua.

Ajue pia kwamba chuo hakimaanishi chuo kikuu pekee. Ndani ya mkoa wetu wa Kagera tuna chuo cha kilimo Maruku, chuo cha ualimu Katoke, chuo cha maendeleo ya wananchi Gera, na mafunzo ya ufundi ya VETA. Fundi stadi asihesabiwe kuwa mtoto aliyeshindwa.

La pili ni kuchagua masomo. Mwanafunzi wa kidato cha nne hujaza fomu ya Selform, akionyesha tahasusi za kidato cha tano na vyuo anavyovitaka. Tangu mwaka 2024 tahasusi zimeongezeka kutoka 16 hadi 65. Uchaguzi umepanuka, na nafasi ya kukosea imepanuka pia. Wengi hujaza kwa kumfuata rafiki. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hutoa muda wa kubadilisha machaguo, lakini muda huo hufungwa, na aliye shambani bila simu hupitwa. Mzazi, hata kama hukusoma, muulize mwanao: tahasusi hii inakupeleka kwenye kazi gani? Akishindwa kujibu, nendeni pamoja kwa mwalimu.

La tatu ni karatasi. Ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa mwaka 2022. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inafanya kazi tangu mwaka 2005, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 inawakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Milango hiyo iko wazi, lakini hufunguliwa kwa nyaraka. Mwombaji wa mkopo hutakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Yatima huonyesha cheti cha kifo cha mzazi.

Hapa nawageukia mabibi wanaolea wajukuu. Mzazi amezikwa kibanjani, kijiji kizima kilihudhuria, lakini kifo hakikuandikishwa. Miaka mingi baadaye mjukuu hukosa namna ya kuthibitisha uyatima ambao kila jirani anaujua. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji, kisha ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, ambako vizazi na vifo huandikishwa. Msisubiri mwezi wa maombi.

Na kwa kuwa sisi wa Karagwe tunapakana na Rwanda, na ndugu zetu wa Kyerwa wanapakana na Rwanda na Uganda, uraia hapa huulizwa kwa makini. Kijana anayetimiza miaka 18 aombe kitambulisho cha taifa mara moja, akiwa na nyaraka za wazazi wake mkononi.

Ndugu zangu, ombi langu ni dogo. Usiku wa leo, kila nyumba yenye mwanafunzi itandaze mezani cheti cha kuzaliwa, cheti cha darasa la saba, na daftari lenye jina analotumia shuleni. Someni majina hayo herufi kwa herufi. Yakitofautiana, mwende kwa mkuu wa shule wiki hii, kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne. Kwani baada ya hapo kurekebisha ni kazi ngumu na ya gharama.

Kahawa ikomae mtini, iuzwe kwa bei yake. Na mtoto aende chuo kwa wakati wake.