Rangi ya Pili si Habari Mbaya: Safari ya Kinyama Ndani ya Maabara

(Hotuba ya mtaalamu wa maabara ya tishu kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, katika kikao cha mafunzo kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti.)

 

Wengi wenu hamjawahi kufika chumba ninachofanyia kazi. Hakuna kitanda wala foleni ya wagonjwa. Kinachofika kwetu ni kikopo chenye kinyama, yaani kipande kidogo cha tishu ambacho daktari amekikata kwenye uvimbe, ini, tumbo au titi ili kijulikane kina ugonjwa gani. Nimeombwa nieleze kwa nini majibu yetu huchukua siku, na kwa nini wakati mwingine tunaandika, "Subiri, tunaongeza rangi nyingine." Nitaanza na kisa.

Nilipokuwa nikifanya kazi katika hospitali nyingine, aliletwa mama aliyekuwa na uvimbe shingoni kwa miezi kadhaa. Alikuwa amekonda na usiku anatokwa jasho. Tezi ikakatwa, ikaletwa kwetu. Baada ya kuiangalia mara ya kwanza tukaomba rangi ya pili. Aliporudi kuuliza, aliambiwa tu kwamba maabara inarudia kupima. Mama huyo na watoto wake wakaamua wenyewe: kama wanarudia, basi ni saratani, na wanaogopa kutuambia. Akaenda nyumbani. Siku mbili baadaye majibu yalikuwa tayari, yakakaa kwenye faili wiki tatu bila mwenyewe. Aliyempata ni mhamasishaji wa kijiji chao, mtu kama nyinyi. Majibu yalisema kifua kikuu cha tezi. Ni ugonjwa unaotibika, na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Wiki tatu alizikaa akijiandaa kufa.

Kosa halikuwa la mama. Hakuna aliyemweleza rangi ya pili ni ya nini. Ndiyo maana niko hapa.

Kinyama kikitoka mwilini huanza kuoza papo hapo, kama nyama yoyote. Kwa hiyo hutiwa kwenye fomalini, dawa inayokizuia kisioze na kukifanya kiwe kigumu kidogo. Hukaa humo saa kadhaa hadi siku moja au zaidi, kulingana na ukubwa wake. Kisha hutolewa maji yote na kuingizwa nta ya moto. Nta ikipoa, kinyama kimekuwa kama kipande cha mshumaa, nasi tunakikata kwa mashine katika tabaka nyembamba sana, za elfu tatu au nne ya milimita. Unywele wako mmoja ni mnene mara nyingi kuliko tabaka hiyo. Tunailaza juu ya kioo na kuiweka chini ya hadubini.

Na hapo hauoni kitu! Tishu iliyokatwa hivyo haina rangi. Ni kama kuangalia glasi tupu. Ndipo rangi inapoingia.

Akina mama mliowahi kutia vitambaa rangi mnajua: pamba na nailoni ukivitumbukiza katika beseni moja havitoki sawa. Kimoja hushika rangi, kingine huiachia ukikisuuza. Mwili pia uko hivyo. Na kwa kweli baadhi ya rangi zetu zilianzia kwenye nguo. Haimatoksilini, ambayo tunaitumia kila siku, hutoka kwenye mbao za mti wa Amerika ya Kati uliotumika zamani kutia vitambaa rangi.

Rangi ya kwanza kwa kila kinyama ni haimatoksilini pamoja na eosini. Viini vya seli huwa vya buluu iliyoiva na sehemu nyingine huwa za waridi. Kwa rangi hizo mbili tu, daktari wa patholojia hutambua magonjwa mengi, saratani nyingi zikiwemo. Lakini kuna maswali ambayo haziwezi kuyajibu. Ndipo tunakata tabaka nyingine kutoka kwenye kinyama kilekile na kuitia rangi maalum. Kila rangi maalum huuliza swali moja.

Turudi kwa yule mama. Rangi ya kwanza ilionyesha seli za kinga zimejikusanya katika mafundo, na katikati tishu imekufa. Hiyo ni sura ya kifua kikuu, lakini fangasi na magonjwa mengine yanaweza kuleta mafundo yanayofanana nayo. Kwa hiyo tukatumia rangi ya Ziehl-Neelsen, yenye majina ya Wajerumani wawili walioitengeneza mwaka 1882 na 1883, mara tu baada ya Robert Koch kutangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Tishu hutiwa rangi nyekundu, kisha huoshwa kwa asidi. Kila kitu huachia wekundu, isipokuwa kijidudu hicho, kwa sababu ukuta wake una mafuta kama nta yanayong'ang'ania rangi. Mwisho tunatia buluu, na vijidudu huonekana kama vijiti vyekundu katika uwanja wa buluu. Wakati mwingine ni vitatu au vinne tu katika kioo kizima, na mtu hukaa akivitafuta kwa muda mrefu. Tusipoviona hatusemi hakuna kifua kikuu; tunasema hatukuviona, na daktari huendelea na vipimo vingine.

Ziko rangi nyingine. Kwa fangasi tunatumia Grocott, yenye madini ya fedha, nayo huwafanya weusi. Kwa kinyama cha ini tunatumia rangi ya Masson: kovu huwa buluu au kijani, misuli huwa nyekundu, na daktari huona kovu limeenea kiasi gani kwa mtu aliyeumizwa na pombe au homa ya ini aina ya B. Rangi ya Perls huonyesha madini ya chuma yaliyozidi, yakitokea buluu. Giemsa hutuonyesha bakteria wa vidonda vya tumbo, na pia vimelea vya kala-azar, ugonjwa ambao wenzetu wa Baringo, Turkana na Pokot Magharibi wanaujua vizuri.

Kila tunapotia rangi maalum, tunaweka pembeni kioo kingine cha tishu ambayo tunajua ina kile tunachotafuta. Kioo hicho kisiposhika rangi, hatuamini majibu ya mgonjwa, tunaanza upya. Hiyo nayo huongeza muda, lakini ni afadhali kuchelewa siku moja kuliko kumpa mtu ugonjwa asio nao.

Sasa niseme jambo ambalo rangi haiwezi. Haiwezi kufufua kinyama kilichoharibika njiani. Nimewahi kuletewa kikopo kikavu. Kijana alikuwa amembebea baba yake kinyama kwa matatu, kikopo kikavuja, abiria wakalalamikia harufu, naye kwa heshima akamwaga ile dawa. Tulitia rangi ya kwanza, tukatia ya pili. Tukaona ukungu tu. Mzee akakatwa tena.

Kwa sababu wagonjwa wengi wetu hubeba vinyama wenyewe kwenda maabara, naomba muwaambie haya:

Kwanza, dawa iliyo ndani ya kikopo isimwagwe wala kuongezwa maji. Iwe nyingi, angalau mara kumi ya kinyama chenyewe. Ni sumu, basi isiguswe kwa mkono mtupu, isinuswe, na iwekwe mbali na watoto.

Pili, kikopo kiwe na mdomo mpana. Kinyama huingia kwenye chupa ya soda kikiwa laini, lakini kikishakuwa kigumu hakitoki bila kupondeka. Kisiwekwe kwenye friza.

Tatu, jina, tarehe na saa viandikwe kwenye kikopo chenyewe, si kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.

Nne, fomu ya daktari isiachwe nyumbani. Nikijua uvimbe una miezi mingapi na kama mgonjwa anakohoa, najua swali la kuuliza. Na daktari akishuku kifua kikuu, huenda akatoa vikopo viwili, kimoja bila fomalini, kwa sababu fomalini huua vijidudu na hatuwezi tena kuviotesha. Vyote viwili vifike upesi, na visichanganywe.

Tano, na hili ndilo kubwa: mgonjwa arudi. Akiambiwa maabara inaongeza rangi, mwambieni maana yake ni kwamba kuna swali moja limebaki na tunalitafutia jibu. Si kwamba kinyama kimepotea, na si kwamba tunamficha saratani. Mwandikieni tarehe ya kurudi, na siku hiyo ikipita, mpigieni hodi.

Mimi huona watu wetu katika tabaka nyembamba juu ya kioo. Nyinyi mnawaona wakiwa wazima, mlangoni kwao. Jibu langu lisipofika mlangoni, ni karatasi tu kwenye faili.